Fimbo Zilizokatwa kwa Kipimo cha Nani?

Alhamisi, 14 Machi 1974. Asubuhi ukungu na manyunyu.

Bado zinanisumbua hizo fimbo za gofu. Baba Kemunto alizileta jana kutoka Kisumu. Alisema ni za Kijapani, mpya kabisa, na kwamba fundi alizikata kwa kipimo changu ili nishinde shindano la wanawake Jumamosi.

Kipimo changu? Mimi na mume wangu tunatoshana urefu. Leo uwanjani, nilipoishika fimbo namba saba, niliinama kama mtu anayepalilia wimbi. Ngozi ya kushikia imezungushwa nyembamba, ya kufaa vidole vidogo, na mahali pa kidole gumba imeshang'aa kwa kutumiwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ni nzuri. Mpira unaondoka laini, mikono haiumi hata kidogo. Sijawahi kupiga hivyo.

Jioni nilimwambia, "Baba Kemunto, hizi ni fupi."

"Mama Kemunto, wewe ndiye mrefu mno!" akacheka. "Fundi atakuongezea mpini."

Hakuuliza ni fupi kiasi gani. Hakutaka hata kuziona.

Labda fundi alikosea tu. Labda muuzaji alimdanganya. Au labda... Naogopa kumuuliza.

Fundi hataziongezea chochote. Jumamosi nitazibeba vivi hivi, niziegemeze ukutani mbele ya wanawake wote, nione ni nani atakayezitambua.

Saa saba na robo usiku. Yeye anakoroma. Nazima taa.