Uvimbe Wangu na Mke wa Kasubi

Jumanne. Mvua ya hapa Kyebando haijaamua kama inanyesha au inaacha, na mimi nimenuna tangu asubuhi.

Ramadhan amekwenda Kasubi kwa Hawa, mke mwenzangu. Ni zamu ya Hawa, najua. Najua, na nimekasirika vilevile.

Mwaka mzima, Hawa akimpigia simu tu, moyo wangu ulidunda, jasho likanitoka, kichwa kikataka kupasuka. Mama mkwe alikuwa akiniambia, "Wewe, wivu utakuua." Nikaamini. Niliona haya hata kwenda hospitali. Ningemwambia daktari naumwa nini?

Mpaka siku nilipoinama sokoni Owino kuchagua nguo za watoto, nikaanguka juu ya rundo la mitumba. Hawa hakuwepo. Hata sikuwa nikimfikiria.

Daktari alipima presha, akarudia, akanipa kidumu nikusanye mkojo wa siku nzima. Kisha skani. Karibu na figo kuna uvimbe unaoitwa paraganglioma. Si saratani, alisema, ila unamwaga adrenalini ovyo kwenye damu, hasa nikiinama. Kwanza nimeze dawa za kutuliza presha kwa majuma kadhaa, nile chumvi, ninywe maji mengi, ndipo wapasue. Wakipasua kabla ya hapo, naweza kufia mezani.

Naogopa sana. Lakini siku ile nilifurahi pia: kumbe sikuwa na wivu!

Sasa dawa zimefanya kazi. Leo Ramadhan alipoaga nilijishika kifua. Moyo umetulia, viganja vikavu. Na wivu upo palepale, mzima wa afya.

Huu ni wangu.

Nilikuwa nimepanga Ramadhan alale nami hospitali baada ya upasuaji. Awe wangu peke yangu, Kasubi isubiri. Jioni hii Hawa akanipigia. "Dada, wodi ya wanawake hawakubali mwanaume kulala. Mimi ndio nitakuja kukuangalia." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia, na hilo limeniudhi zaidi. Yeye ndiye aniogeshe? Yeye ndiye anishike mkono?

Nilifungua mdomo nikatae. Kisha nikafikiri vizuri, nikakubali haraka mpaka akashangaa.

Nitakuwa na mshono tumboni, sawa. Lakini usiku huo nitajua mke wa Kasubi amelala wapi.