Nitafikia Wapi Siku ya Kuapishwa

Jumamosi, 3 Oktoba
Nimepika chai ya watu wawili tena. Kikombe cha pili nimekimwaga. Baadaye sokoni Barking, huku ugenini, kununua muhogo. Watu hawana jingine ila safari. Unguja kura bado kupigwa, wao wameshakata tiketi za kwenda kuona rais akiapishwa. Wanagombania vitanda. Hoteli za Mji Mkongwe zimejaa wageni wa serikali, nyumba za wageni zimejaa watu wa Dar.

Mimi sina wasiwasi. Nyumba yetu ya Kikwajuni ina vyumba vitatu. Marehemu mume wangu, Salum, alisema siku hiyo tutakaa uwanjani sote wawili. Nitakaa peke yangu.

Safari ya kundi letu anaipanga Hamad, mdogo wake Salum. Nimempigia kumwambia kinamama wawili wa msikitini hawana pa kufikia, nitawachukua kwangu. Akaniuliza kama nimeshawaahidi. Kisha akasema nyumba haina maji.

Jumatatu, 5 Oktoba
Hamad kanipatia chumba Bububu, kwa wakwe zake. Watu wanalilia chumba, mimi naletewa bila ya kuomba. Nikamuuliza, maji si yatarudishwa? Akasema paa nalo linavuja. Juzi maji hayaingii, leo yanaingia kupita kiasi. Nimecheka. Halafu kicheko kikakatika.

Jumatano, 7 Oktoba
Baridi. Nimevaa koti la Salum kwenda dukani. Mfukoni mfuko wa plastiki, umekunjwa pembetatu. Alikuwa hatupi mfuko. Nimeurudisha ulipokuwa.

Kila mwaka alikwenda Unguja peke yake kuangalia nyumba. Mara ya mwisho mwezi wa Machi, kutengeneza bomba. Alirudi amechangamka, kaniletea halua. Aprili akafa. Sasa bomba lililotengenezwa Machi linakosaje maji?

Nimempigia Hamad kazini Hayes, ghalani, makelele matupu. Nimemtaka ufunguo. Kasema kufuli limebadilishwa. Nani kalibadilisha? Ati kwa usalama tu, shemegi. Nani anakaa humo? Akasema zamu inaanza, akakata.

Nadhani ameiuza. Naandika wazi: namshuku shemegi yangu, mtu aliyeingia kaburini kumlaza kaka yake. Naona haya. Lakini sifuti.

Nimemwambia binti yangu, Rahma. Kanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: ami yake ni mtu mwema, na mimi nitafute hoteli. Kama kwamba hoteli zipo.

Ijumaa, 9 Oktoba
Baada ya sala Hamad kaleta tiketi. Nimempakulia wali. Anakula, hanitazami. Nikasema nikishuka uwanja wa ndege nakwenda moja kwa moja Kikwajuni, na fundi wa kufuli nitamchukua njiani. Akaweka kijiko.

"Shemegi, nakuomba. Nenda Bububu."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nakuomba tu."

Miaka yote hii hajapata kuniomba kitu, hata chumvi mezani huinuka akachukua mwenyewe. Akaondoka, wali umebaki nusu. Naogopa. Nyumba ile ndiyo kitu pekee tulichonacho huko.

Jumamosi, 10 Oktoba
Nimempigia Bi Kije, jirani yetu wa Kikwajuni, ukuta kwa ukuta. Nikamwambia nakuja na wageni wawili, naitaka nyumba, na aliyemo humo atoke. Akapandisha sauti.

"Bibi weye, una moyo gani? Mwenzio yuko eda, utamtoa umpeleke wapi?"

Nikauliza mwenzangu nani. Halafu akaanza kuniomba radhi. Alidhani nimeshaambiwa tangu msibani. Anaitwa Asya. Salum alimuoa mwaka juzi.

Nimekaa kwenye ngazi. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Yangu imekwisha mwezi uliopita. Mume ni mmoja, kifo ni kimoja. Eda yake ingekwisha na yangu, siku moja. Mjane ambaye bado yuko ndani ni mwenye mimba. Huyo hutoka akishajifungua.

Machi. Bomba.

Jumapili, 11 Oktoba
Nimemwambia Hamad kwamba najua. Kaja mbio kutoka Hayes, na sare ya kazi. Kalia hapa jikoni kama mtoto. Kasema kaka yake alimuusia hospitali: Asya asitolewe nyumbani, na mimi niambiwe kwa upole. Huo upole hakujua auanzie wapi.

"Kwa hiyo maji yapo?"

"Yapo, shemegi."

"Na paa?"

"Zima."

Nimemwomba radhi kwa kumdhania wizi. Hakujua kama nilimdhania. Sasa anajua.

Nina hasira na maiti. Hata ugomvi wenyewe kaniachia niugombe peke yangu.

Jumanne, 13 Oktoba
Chumba cha Bububu nimewapa wale kinamama wa msikitini. Wameniombea dua ndefu. Rahma anataka nisiende kabisa.

Namba ya Asya kanipa Bi Kije. Niliandika mengi, nikafuta. Nikabakisha haya: nakuja, usihame. Kajibu kwa sauti. Sauti ya msichana.

"Shikamoo, dada. Chumba cha uani nimekifagia. Ukikataa sitakulaumu."

Nilitaka awe mjuvi. Ingekuwa rahisi zaidi.

Alhamisi, 15 Oktoba
Mvua tangu asubuhi. Nimefunga sanduku. Nguo, dawa za presha, viatu vya kutembelea. Dukani nilisimama mbele ya soksi za watoto. Sikununua.

Hamad kasema siku ya kuapishwa barabara za mjini zitafungwa tangu alfajiri, gari hazipiti mpaka jioni. Wenziwe wanapanga watoke saa ngapi wawahi kivuli. Mimi nimefikiria mwanamke wa mwezi wa nane, ndani ya nyumba peke yake, na barabara zimefungwa.

Sitakwenda uwanjani. Salum sijamsamehe. Nimemwandikia Asya kwamba chumba cha uani kinanitosha.