Korongo Mwisho wa Njia

Jumatatu, 3 Novemba
Korongo thelathini na wanane leo, mwisho wa njia ya kurukia ndege. Wanashiba kwenye jalala la machinjio nje ya uzio, kisha wanakuja kuota jua kwenye lami yetu kama wenye nyumba. Kazi yangu kuwafukuza; nimewapigia honi mpaka basi. Wananitazama tu. Barua ya nne kwa meneja — hakuifungua. Kasema eti ndege mdogo humpisha ndege mkubwa, hata wao wana adabu! Ofisi nzima ikacheka.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimechelewesha safari mbili kwa sababu ya korongo, robo saa kila moja. Meneja kanifokea mbele ya abiria. Nikirudia, nikatafute kazi ya kuchunga kuku. Hata mdogo wangu, rubani, alicheka: "Dada, wewe na makorongo yako! Mtaoana." Tumenyonya ziwa moja, yeye akaota mabawa, mimi nikapewa honi.

Ijumaa, 7 Novemba
Sijui nianzie wapi.

Saa moja na nusu asubuhi. Zamu ya mdogo wangu, ndege ya injini moja, abiria wawili. Nilipita na gari kukagua. Korongo walikuwepo, kumi na mmoja, kwenye majani. Pembeni. Pembeni tu! Nikakumbuka ya jana. Nikasema redioni: "Njia ni safi."

Magurudumu yalikuwa yameshaachana na lami. Korongo wakainuka wote, polepole, kama wazee wanaotoka kikaoni. Mmoja akaingia kwenye kioo cha mbele. Kishindo nilikisikia nikiwa mbali. Ndege ikalala upande, ikaangukia majani, bawa likakatika.

Nilikimbia. Abiria walitoka wenyewe, mmoja kashika mkono uliovunjika. Mdogo wangu alikuwa bado kitini, uso wote damu na manyoya. Neno lake la kwanza: "Abiria?"

Jumapili, 9 Novemba
Jicho la kulia limetolewa. La kushoto litapona, daktari kasema. Rubani wa jicho moja — nani atampa ndege?

Mama hajanitazama tangu juzi. Leo kaongea: "Si uliajiriwa kufukuza ndege, wewe?" Hajui hata nusu.

Jumatano, 12 Novemba
Meneja kanifuata asubuhi, sauti ya asali. Wachunguzi wanakuja leo, na redio yetu hairekodi. Nijaze kitabu cha ukaguzi: kwamba nilionya, rubani akaruka kwa ubishi. "Yeye kazi imeshamponyoka. Wewe je?" Na barua zangu? Hazionekani! Nakala ninazo nyumbani, hajui. Lakini nakala hazisemi nilichosema mimi Ijumaa.

Nikapita hospitali. Mdogo wangu akanitafuta mkono. "Dada, uliniambia kuna ndege? Sikumbuki kitu. Niliruka kwa kiburi?" Nikamrekebishia mto. Nikamwambia apumzike. Mwoga mkubwa mimi!

Sasa niko kwenye benchi nje ya ofisi. Wachunguzi wako ndani, meneja anawachekesha. Kitabu kiko magotini, na daftari hili juu yake. Kwenye ukurasa wa Ijumaa wa kitabu nimeandika tarehe. Saa. Halafu: "Niliona korongo kumi na mmoja pembeni ya njia, na —"

Meneja katoa kichwa mlangoni. Tayari? Bado, nimemwambia. Kasimama ananingoja, anadhani najaza kitabu. Sentensi imeishia nusu, na nusu iliyobaki yeye anataka iwe "nikamwonya rubani."