Mama wa Kalasi ya Sita

Ku kijiji, njia ya Kabongo
Jumapili, kisha ibada

Yaya Ngoie, mukubwa wangu,

Uko namna gani? Mugongo inaendelea kukusumbua na ile mashini ya kushona, ao umepata sasa muntu wa kukusaidia? Na batoto bangu benye nilikuachia, banakusikia? Na Beatrisi? Minyi huku niko muzima, Vidye asifiwe. Nilikonda kidogo wakati wa mvua, lakini nimerudia, juu unamujua Tantine Umba: anaweka sahani ya bukari mbele yako, anakaa, anakuangalia mupaka umalize. Kila siku bukari na sombe, sombe na bukari. Nimeanza kuota bitoyo, samaki ya kukausha ya soko ya Kamina, ile yenye tulikuwa tunakula na mikono miwili, mama akitukemea kama bantu benye hawakulelewa.

Ninakuandikia juu simu huku ni kazi. Ukitaka rezo ya simu, unapanda juu ya kichuguu nyuma ya kanisa, na pale juu munasimama bantu mingi, kila mumoja anasikia mambo ya mwenzake. Mambo ya leo sitaki kijiji muzima ikuwe ya kwanza kuisikia. Dereva wa kamyo ya mahindi anatoka kesho, ameniapia atakufikishia barua mu mikono.

Nianze na habari ya masomo, hii shule yetu, juu najua utauliza. Upepo ilibeba mabati ya kalasi yetu. Tuliikuta mu shamba ya muhogo, imejikunja, na mwenye shamba amekasirika kama vile njo sisi tuliitupa pale. Sasa sisi ba kalasi ya sita, ile ya kumaliza sekondere, tunasomea mu kanisa, ubao imeegemea ku mimbari. Siku moja mwalimu wa hesabu alimaliza somo, akafunga kitabu, akasema "Amina." Tukaitika sote. Bazazi banachoma matofali kwa kujenga upya, na mahindi ya shamba ya masomo imevunwa vizuri. Jumamosi yenye inakuya batoto bataenda kucheza mupira na masomo ya ngambo ya muto. Mwaka jana balitufunga vibaya sana, na hii mwaka banasema ni kisasi. Minyi banataka niongoze bamama ba kupiga vigelegele. Nilibauliza: minyi ni mama ao ni mwanafunzi? Banasema, "Mama Elevu, weye uko yote mbili!"

Na hapa nikupe kisa yenye nilikwambia ku simu kipande tu, juu masikio ilikuwa mingi. Siku yenye nilifika kuandikisha jina, jipe ya inifomu yenye ulinishonea ilikuwa ingali njiani. Nilivaa kikwembe yangu ya kanisa, kitambaa ku kichwa. Prefe, mukubwa wa masomo, naye alikuwa mupya, hakujua sura ya muntu. Ananiona ku mulango, anafurahi: "Mama, karibu, ingia, kikao inaanza!" Ananisukuma mu kalasi yenye kujaa bantu bazima. Minyi nikawaza, ah, kumbe huku njo namna banaandikisha. Nikakaa. Bakazungumuza latrini, bakazungumuza mbuzi zenye zinaingia mu kalasi. Kisha prefe akauliza, "Nani hapa anajua kuandika Kifaransa?" Yaya, mukono yangu ilijinyanyua yenyewe! Kama mutoto mwenye anajua jibu. Bantu bakapiga makofi. Kumbe nimechaguliwa mwandishi wa komite ya bazazi.

Kubaambia banakosea? Niliona haya. Jumatatu, jipe imefika, niko mu mustari mbele ya bendera, buluu na nyeupe, mukubwa kupita hata direktere wa disiplini. Prefe ananikuta na macho.

"Mama Mwandishi! Unafanya nini mu mustari ya batoto?"

"Prefe, minyi ni mwanafunzi wa kalasi ya sita."

Yaya, balicheka hata mwenye alikuwa anapandisha bendera alishindwa kumaliza. Prefe mwenyewe akageuka, akajifanya anakohoa. Wakatafuta mu sheria ya masomo, wakakuta hakuna penye inakataza muntu kuwa mwanafunzi na komite pamoja. Basi njo vile niko mupaka leo. Siku moja niliandika mu ripoti ya komite kama wanafunzi banachelewa mingi. Kesho yake nikachelewa minyi mwenyewe, direktere akanipatia kupa-kupa bila kunitazama mu macho, na nikakata majani ya kiwanja na benzangu. Cheka basi. Huku bote balicheka.

Lakini kuna siku, mwalimu anapoandika ku ubao, chaki inalia, na minyi natoka mule mu kanisa narudia Kamina. Unakumbuka jipe yetu? Ile moja ya sisi wawili? Weye ulikuwa unasoma asubuhi, minyi kisha midi. Tunakutana nyuma ya ukuta ya ule dada wa kuuzisha mukate, unafunga kikwembe, unavua jipe, minyi navaa, na unakimbia nyumbani kupika. Ilikuwa ingali moto na mwili yako. Mu mufuko nilikuwa nakuta kitu yenye uliniachia: karanga, kipande ya muwa, na siku ya mutihani kikaratasi umeandika "Usiogope, ni nyepesi." Haikuwa nyepesi hata siku moja, muongo weye. Lakini nilikuwa naamini. Treni ilikuwa inapiga filimbi ku gare, na kutoka upande wa baze ya baaskari tunasikia tarumbeta ya basoda, na minyi natembea mu njia na jipe ya yaya wangu, nawaza siku moja nitakuwa mwalimu. Natamani ile Kamina hata roho inauma. Nikirudi leo najua sitaikuta, lakini naitamani.

Kisha kalasi ya sita ikafika, na tumbo pia ikafika. Balinirudisha nyumbani mbele ya mutihani. Unajua namna Kamina inakuwa siku matokeo inatoka: poda ku kichwa, poda ku uso, bamama banakimbia mu njia na vikwembe kufunguka, kila mwenye kupita anapakwa mupaka anakuwa kama muntu wa unga. Minyi nilikuwa ku dirisha, Beatrisi ananyonya ku ziwa. Yeye sikumulilia, alikuwa muzuri sana ule mutoto. Nililia juu ya poda.

Sasa sikia jambo yenyewe. Jumanne yenye imepita prefe alituita bafinaliste, sisi benye tunamaliza, akasema kituo ya mutihani wa serikali hatutapata hapa ku kijiji, tuko bachache. Tutaenda kuandikia Kamina. Akataja masomo yenye itatupokea. Batoto bakaruka, juu bengi hawajaona treni hata siku moja. Minyi sikuruka. Yaya, ni kituo moja na ya Beatrisi, naye anaandika hii mwaka.

Unajua juu ya nini nilikuya kusomea huku. Si mashamba ya Tantine. Nilikuya juu huku hakuna muntu mwenye atanionesha kidole: tazama, ule njo mke wa soda fulani, mama ya batoto, anavaa jipe ya buluu. Baba Beatrisi, kila akipiga simu kutoka kule walimutuma, ananiita "ma fille", binti yake, na anacheka, lakini anacheka vizuri, na alikubali. Nilijiambia nitaandika mutihani polepole mu kijiji, nitarudi na diplome mu mufuko, na hapo baseme yenye banataka. Na sasa nitembee mu mustari kupitia soko ya Kamina, mbele ya bamama bote benye nilinunua kwao nyanya!

Nikapanda ku kichuguu, nikamuita Beatrisi. Hakukwambia hii, namujua, njo maana nakwambia minyi.

"Mama, nimesikia. Ni kituo yetu."

"Njo ile."

"Utavaa inifomu?"

"Sasa nivae nini, kikwembe?" Nilitaka acheke. Hakucheka.

"Mama, benzangu bote banakujua. Bananiuliza tayari. Banasema mama yako atakukopia ao weye njo utamukopia. Ngoja mwaka kesho, mama, nakuomba. Minyi nitakuwa nimemaliza, weye utaandika na amani."

Nikamwambia mwaka kesho hakuna muntu mwenye anaijua. Akalia. Akasema, "Basi ukikuya weye, minyi siingii." Na akakata. Bantu bote ku kichuguu balinigeukia, hata mwenye alikuwa anabishana bei ya mbuzi. Nikashuka bila kuaga muntu.

Yaya, nilikunja inifomu, nikaiweka chini kabisa mu sanduku. Nikamwambia Tantine nitangoja mwaka kesho. Mutoto akose mutihani juu yangu? Tantine alisimama na mwiko mu mukono: "Na hii bukari yote nimekulisha mwaka muzima ilikuwa ya nini?" Hiyo juma yote nilienda ku masomo na kikwembe, nikasema inifomu imepasuka. Prefe hakuniuliza.

Leo sasa. Leo ilikuwa siku ya kubariki biki. Si unajua, bafinaliste banakuya mbele ya kanisa, kila mumoja na biki yake, kalamu ya mutihani, banapiga magoti, na bazazi banasimama nyuma, muntu anatia mukono ku bega ya mutoto wake, pasta anaomba. Tantine alinitolea inifomu asubuhi, ameipiga pasi ya makaa, akaiweka ku kitanda, akatoka. Nikaivaa juu ya heshima yake tu. Nikapiga magoti mwisho ya mustari, biki mu mukono. Pasta akasema, "Mwenye kuwa na mutoto hapa, asimame nyuma yake." Nikasikia viatu nyuma yangu, bench zinasogea, bababa banakohoa, kila mutoto anapata mukono yake. Nyuma yangu hakuna. Mama yetu iko mu udongo, na Tantine miguu yake haimubebi mupaka mbele. Nikawaza nijifanye ninakohoa, nitoke mu mulango wa pembeni. Ya nini nikae pale? Mutihani yenyewe siandiki.

Na pale nikasikia mukono ku bega. Kisha ingine. Nikageuka kidogo: ni bamama ba komite, bale bale benye balinipigia makofi ile siku ya makosa. Balikuwa na batoto babo mbele, lakini mukono moja ku mutoto, mukono moja kwangu, na benye hawakufika balishika kitambaa ya mwenye alifika. Mama mumoja akasema na sauti, kanisa yote ikasikia, "Pasta, huyu ni mutoto wa komite. Muombee na yeye." Yaya, nililia. Sikulia kidogo kama muntu wa heshima, nililia na makamasi. Na biki yangu iliombewa pamoja na zingine.

Kwa hiyo nakuya. Nimeamua pale pale ku magoti. Kamyo itatufikisha Kamina mangaribi mbele ya mutihani, tutalala mu vyumba vya masomo ya kanisa, na asubuhi tutatembea mu mustari mupaka ku kituo.

Nakuomba kitu moja: Beatrisi usimupigie kelele. Namujua ulimi yako. Usimwambie alimaliza masomo yangu mu tumbo, usimwambie mambo ya jipe. Mutoto anaona aibu, na aibu yake naijua vizuri, juu njo yenyewe yenye ilinileta huku kijijini. Umupikie vizuri tu. Umuache alale mapema.

Uniamukie mama mukwe, mwambie dawa ya miguu nilipata, naleta. Uniamukie mama jirani, bibi ya soda mwenye anauzisha makaa, na mama mwenye anaongoza koro yetu, asimupatie muntu nafasi yangu ya sauti ya pili. Badogo ubapige busu, uwaambie mama anakuya na karanga. Tantine Umba anakusalimia sana, anasema mwaka yenye umesema utakuya kumuona imepita.

Na Beatrisi umwambie hivi, bila kuongeza, bila kupunguza. Nimeomba prefe aniweke mwisho kabisa ya mustari. Kama anataka kupita pembeni yangu kama muntu mwenye hanijui, apite, sitamuita. Ku mulango ya kituo nitasimama inje mupaka nimuone ameingia yeye wa kwanza. Asipoingia, na minyi siingii, tutakaa sote wawili ku jua. Lakini akiingia, nitaingia nyuma yake, na nitaandika. Na kama pale mbele ya benzake bote ataniita Mama, hata na sauti ndogo, nitaitika.

Mudogo wako,
Monga,
mwanafunzi