Yaliyotokea Tulipofunga Diski ya Pili

Kilwa Masoko,
Mkoa wa Lindi.
21 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Imani,

Assalaam alaykum. Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafika mstari wa pili. Habari za Bukoba na baridi yake? Kile kikohozi kimekuacha? Kula chakula, usinywe chai ya rangi ukasema umeshiba. Muuguzi akiugua, wagonjwa watamtazama nani? Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mola. Bibi yako goti linamsumbua, ila mdomo uko salama, anatugombeza kama kawaida.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia barua na simu tunazo. Soma taratibu, na kama umesimama, tafadhali kaa.

Unaikumbuka kompyuta ya sebuleni, ninayochapia mitihani ya shule. Ilikuwa imejaa hadi inagoma kuhifadhi hata ukurasa mmoja. Nusu ni kazi zangu, nusu ni tamthilia za mume wangu, mjomba wako Musa, ambazo hataki ziguswe. Basi Jumamosi iliyopita nikamwita Benedicto, fundi kompyuta wa pale karibu na stendi, aje aniongezee diski ya pili ndani ya kasha. Alikuja na ya mtumba, aliyoipata Lindi mjini kwa mtu aliyekuwa akiuza vifaa vya studio ya video iliyofungwa.

Alifungua ubavu wa kasha, akapuliza vumbi hadi tukapiga chafya sote, akaipachika ile diski chini ya ile ya zamani, akaunganisha nyaya zake na kukaza skrubu. Alipowasha, ikaonekana kwenye kioo. Nikamshukuru Mungu nikidhani kazi imekwisha.

"Mwalimu, haiko tupu hii," akasema. "Ina video za harusi za watu. Nifungue moja nione kama inasoma vizuri, halafu nizifute zote uanze upya."

"Futa tu, baba," nikamjibu. Nilikuwa nimekaa mlangoni namenya vitunguu, wala sikugeuka.

Akabofya. Nikasikia ngoma, vigelegele, watoto wanapiga kelele. Kisha mtu akacheka, akasema, "We kamera, njoo na huku, sisi siyo watu?"

Kisu kiliniponyoka, Imani. Ilikuwa sauti ya kaka yangu Shaaban. Baba yako.

Tangu lile lori la korosho lipinduke naye hatujawahi kumsikia, na sura yake tunayo kwenye kitambulisho cha kura tu, ile picha ndogo unayoijua, amekunja uso kama anadaiwa. Nilitambaa hadi mbele ya kioo. Alikuwa yeye, mzima, kijana, jasho linamtoka, kwenye harusi ya binamu yetu Kibibi kule Miteja. DVD ya harusi ile tuliwahi kuiona, lakini ilikuwa na maharusi na wageni wa heshima tu. Kumbe mpiga picha alimkata baba yako, na vipande vyote alivyovikata vilibaki kwenye diski hii.

Sikuwa nimemkumbuka bibi yako. Alikuwa uani anakuna nazi. Nikasikia mbuzi ya nazi inaanguka, halafu sauti yake, nyembamba, siyo ile ya kutugombeza.

"Mwanaidi, Shaaban kaja lini?"

Akaingia peku, mikono imejaa machicha, anatazama mlangoni, anatazama chumbani, anamtafuta. "Mbona hamkuniambia? Yuko wapi?" Benedicto, maskini, hakujua kilichompata, alisimama na bisibisi mkononi, mdomo wazi. Nikamshika bibi yako, nikamgeuza kwenye kioo. Alipomwona alikaa chini palepale sakafuni. Nilidhani namzika na yeye siku hiyohiyo.

Kwenye kioo, Imani, baba yako amebeba mtoto mchanga kwenye kitenge. Mtoto huyo ni wewe. Mpiga picha anamwambia atoe neno kwa maharusi, naye anasema, "Dada Kibibi, zawadi kubwa sina, nimekuja na huyu. Anaitwa Imani. Siku ya harusi yake mniletee kamera kubwa kuliko hii." Anacheka tena, anakuinua juu, na wewe unamshika pua.

Hapo picha ikaganda. Diski ikaanza kulia, tik, tik, tik. Benedicto akaweka sikio kwenye kasha, akabadilika rangi.

"Mwalimu, hii inakufa. Tukiizima sidhani kama itaamka. Inabidi tuzihamishie video kwenye ile ya zamani sasa hivi."

"Ile si imejaa?"

"Basi chagua cha kufuta."

Nilifuta tamthilia zote za Musa, moja haikusalia. Nafasi haikutosha. Nikafuta na mitihani ya muhula, niliyokuwa nimeimaliza juzi. Bibi yako anasoma Yaasin sakafuni, mimi namwambia Benedicto haraka, yeye ananiambia siyo mkono wake, ni diski. Musa akarudi kutoka msikitini, akakuta kabrasha lake la tamthilia tupu, akafungua mdomo kugomba. Halafu akamwona shemeji yake kwenye kioo. Akavua kofia, akakaa karibu na mkwe wake.

Diski ilikata roho kabla ya kumaliza. Video nyingine zimepotea, na hatutajua zilikuwa na nini. Lakini hiyo yako imevuka, nzima, hadi pale unapomshika pua na baada ya pale.

Mama yako Samia nimempigia simu huko kijijini Sudi. Akasema nimpe muda, atakuja kuiona mwenyewe akiwa tayari. Usimharakishe.

Ningeweza kukurushia kwenye simu, ila sikutaka ikukute wodini au njiani, kama ilivyotukuta sisi. Ndiyo maana nimeitia kwenye flashi iliyomo ndani ya bahasha hii. Usiitazame peke yako. Mwite rafiki.

Tulitaka kumwekea bibi yako tena jioni. Amekataa. Alisema, "Mimi nimemsikia. Sasa ni zamu ya mwanawe."

Wanakusalimu Musa, ambaye amenisamehe nusu, Bi Kibibi wa Miteja, aliyelia kwenye simu hadi salio likaisha, na Benedicto, anayekuita dada ingawa hajakuona. Bibi yako anakuombea Mungu akulaze salama na akuamshe salama, na mitihani yako ya uuguzi iwe myepesi.

Jambo moja, mwanangu. Lile cheko lako la kurusha kichwa nyuma, ambalo kila mara tulikukataza mezani, tulidhani umelitoa upande wa mama yako. Sivyo. Lisikilize kwenye flashi. Hatutakukataza tena.

Wako katika damu na mapenzi,
Shangazi yako Mwanaidi