Pikapu ya Bodi Fupi, Trela ya Sericho

Jumatatu, 4 Machi 2019

Maji ya rejeta sawa. Oili sawa. Gurudumu la nyuma kushoto limepungua upepo tena. Chai mbili, mandazi yaliisha kabla sijafika.

Trela bado iko juu ya mawe uani kwa zahanati yetu ya Isiolo. Huu ni mwezi wa tatu tangu iletwe. Mbuzi wamejipatia kivuli, na leo nimekuta mtu ameanika shuka kwenye ngazi yake. Nimeona aibu kama ni nguo zangu.

Ni trela nzuri, lazima niseme. Kliniki nzima ndani ya chumba kimoja: kitanda, sinki, tangi la maji, friji ya chanjo, na mlango unaofungwa kwa ndani. Wafadhili waliileta wakaenda zao. Shida ni shingo yake. Haifungwi nyuma kwenye bampa kama trela za kawaida. Inapanda juu ya bodi ya gari na kukaa kwenye kishikio katikati ya magurudumu ya nyuma. Na pikapu yetu ni ya milango minne. Bodi yake ni fupi, hata kitanda cha mtoto hakiingii kwa urefu.

Leo kamati ya zahanati imekaa. Kliniki ya Sericho ni tarehe 23. Trela isipofika siku hiyo, wafadhili wanaipeleka kaunti nyingine. Kazi ya kuchagua kishikio nimepewa mimi, kwa sababu mimi ndiye dereva na kwa sababu naongea sana.

Sista Zeinabu, nesi wetu, alikuwa mkutanoni. Alinisubiri nje. Akaniambia mwezi uliopita Sericho alimpima mama mjamzito nyuma ya leso iliyoshikwa na wanawake wawili. Upepo ukaichukua leso. Kisima kizima kikaona. Yule mama aliinuka, akajifunika, akaenda, na hajarudi tena. Sista hajui kama amejifungua salama.

Nimeshindwa kula chakula cha mchana.

Jumatano, 6 Machi

Nimempelekea Fundi Guyatu habari ya kishikio. Ni mama wa Kiborana, miaka thelathini na kitu, anachomelea vyuma karibu na soko la mifugo. Sikuwa nimewahi kumpa kazi. Nilidhani ni wa mageti na madirisha.

Hakuuliza aina ya gari. Aliuliza gari inakata kona wapi. Nikamwambia kila mahali. Akachukua debe la majivu, akachora pikapu yetu chini, ukubwa wake halisi, kabini, bodi, ekseli. Akanisimamisha mahali pa kiti cha dereva. Akachukua kitanda cha chuma kilicholetwa kuchomelewa mguu, hiyo ikawa trela. Upande mmoja akamshikisha Sista Zeinabu, niliyekuwa nimekuja naye, upande mwingine yeye mwenyewe.

Kwenda mbele sawa. Nafasi ya kiganja na zaidi. Kisha wakakata kona, na pembe ya kitanda ikanigonga mgongoni.

"Hapo kioo kimeenda," akasema. "Na wewe umeenda na kioo."

Watu wa soko wamecheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka kidogo. Moyoni nilisema huyu mama ni hatari. Kwa majivu na kitanda kibovu amenionyesha kitu ambacho nimekifikiria miezi mitatu bila kukiona.

Ijumaa, 8 Machi

Guyatu ameamua. Anataka kishikio cha kuteleza. Kinakaa juu ya reli mbili. Barabarani kinafungwa mbele, uzito unakaa sawasawa juu ya ekseli. Ukitaka kukata kona kali unasimama, unafunga breki ya trela, unachomoa pini, unasogeza pikapu mbele polepole. Kishikio kinarudi nyuma, shingo inaachana na kabini. Unafunga pini. Unakata kona. Halafu unasimama tena, unakirudisha mbele.

Yaani kila kona ya maana, dereva ashuke mara mbili.

Mimi sishuki. Nimebeba miraa miaka kumi na minane, Maua hadi Marsabit, na miraa haingoji mtu. Ikinyauka, umebeba majani ya mbuzi. Nilikula nikiendesha. Binti yangu Kendi alizaliwa nikiwa barabarani, nikapungiwa mkono tu pale stendi, nikajua ni msichana kwa sababu shemeji, aliyekuwa akiomba msichana, alikuwa anacheka. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa gari.

Nikamwambia Guyatu afunge kishikio cha kawaida, kisichosogea, lakini akiweke nyuma kabisa ya bodi, nyuma ya ekseli. Kona zote zitapita. Hakuna kushuka.

Alitoa miwani ya kuchomelea ndipo akanijibu. "Baba Kendi, ngamia ukimfungia mzigo nyuma anakataa kutembea. Anakaa chini, anapiga kelele, mpaka ufungue. Gari haijui kukataa. Itaenda tu, mpaka ikuue."

Nikasema nitafikiria. Nilikuwa nimekasirika. Mtu hapendi kufundishwa gari na mtu asiyeendesha.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefanya yangu. Nimepata fundi mwingine upande wa pili wa mji, nikamwelekeza mwenyewe kwa kidole: hapa, nyuma. Alisita. Nikasema mimi ndiye dereva. Akafunga.

Jioni nimezungusha trela uani mara nne bila kugusa chochote. Kamati imepiga makofi. Mwenyekiti amenishika mkono kwa mikono miwili. Nimejisikia mkubwa sana.

Sista hakupiga makofi. Aliuliza kama Guyatu ameona. Nikasema ataona.

Jumatano, 13 Machi



Tulienda kujaribu njia ya Burat. Tangi la trela limejaa, friji ndani. Sista akapanda pia, eti aone kama rafu za dawa zinashika. Sikumwalika. Sikumkataza pia.

Tambarare ilikuwa raha. Kisha laga, mto mkavu wa mchanga. Tukashuka vizuri. Kupanda ng'ambo, mkia wa pikapu ukalala na pua ikainuka. Usukani ukawa mwepesi mkononi, hauna kitu. Nikazungusha kulia, gari ikaendelea kushoto. Nikazungusha tena. Hakuna. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanapapasa hewa. Tuliacha njia, tukapitia ua wa miiba, tukasimama kwenye shamba la vitunguu, mtaro wa maji ukiwa hatua moja mbele yetu.

Sista alikuwa amemaliza dua. Akanitazama, si kwa hasira. Akasema, "Mimi nina watoto watatu." Akafungua mlango akashuka.

Hilo tu. Ningependa angenitukana.

Mwenye shamba, jirani yangu wa kule Nyambene, alikuja na panga akidhani ni ndovu. Alipoona ni mimi akanisalimu kwa Kimeru, "Muga, dereva," kwa upole ulioniumiza zaidi. Ili kupunguza uzito tulifungua tangi la trela. Wanawake wa Burat wakaja na mabeseni na mitungi, hakuna tone lililoanguka chini. Angalau hao wamefaidi. Kisha tukarudi mwendo wa kinyonga, Sista akitembea kando ya gari mpaka lami.

Siku kumi zimebaki. Nimeogopa leo kuliko siku zote za barabara ya Marsabit.

Alhamisi, 14 Machi

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu mwenyewe nimemzidi miaka ishirini.

Nimeenda kwa Guyatu kabla hajawasha mashine. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Alikuwa ameshasikia, Isiolo ni mji mdogo. Hakuniacha niyaseme. Alinipa spana akaniambia nifungue hicho kitu mwenyewe. Nati kumi na mbili. Alikaa kwenye debe akinihesabia.

Ya mwisho ilipotoka akasema, "Haya. Sasa tununue kitu."

Sijawahi kumheshimu mtu haraka hivyo.

Jumamosi, 16 Machi

Lori la vyuma vikuukuu kutoka Nairobi limeshusha vishikio viwili vya kuteleza, Guyatu achague kimoja. Kimoja kinang'aa, rangi nyekundu, ungedhani kimetoka kiwandani jana. Kingine kimeliwa na kutu, sura ya kitu kilichotupwa.

Mimi mkono ulienda kwa chekundu wenyewe. Ni lazima niandike ukweli hapa.

Guyatu hakugusa cha rangi kwanza. Alichukua nyundo ndogo akagonga cha kutu pole pole, kila pembe, kichwa kimeinama. Kililia vizuri kote, sauti moja. Akagonga chekundu. Kililia mpaka akafika chini ya taya, pale panapouma shingo ya trela, hapo sauti ikafa. Akakwangua rangi kwa ncha ya msumari. Ufa, mwembamba kama unywele. Mtu aliuona akaupaka rangi.

Kisha akafunga pini ya kila kimoja mara kumi. Cha kutu, kwa mkono mtupu, inaingia na mlio wake unasikika. Chekundu, mara tatu ilitaka kusukumwa na nyundo.

"Ukiwa njia ya Kula Mawe kwa jua, utatoa wapi nyundo?" ameniuliza. Tumechukua cha kutu. Ameshinda akisugua, akipaka grisi, akipima reli kwa uzi. Nimekaa pale mchana kutwa bila kazi yoyote, namtazama tu. Mkono wake hauendi mbio na haurudii. Nimeona mafundi wengi. Sijaona hivyo.

Jumanne, 19 Machi

Kimefungwa. Kiko juu ya ekseli, mbele kidogo. Bolti zimepita hadi chesisi, si bodi tu.

Nilidhani nimemaliza. Guyatu akasema bado dereva.

Amenifundisha kuzunguka. Anasema wakati wa kuhama, mama yake ndiye alifunga nyumba juu ya ngamia, miti, mikeka, vyombo, mtoto juu. Kabla ya safari alizunguka ngamia akivuta kila kamba, moja moja. Na wakati huo hakuna mtu wa kumsemesha. Hata mgeni anangoja. Ukimkatiza, anaanza upya.

Kwa hiyo mimi: breki ya trela, pini, taya, mnyororo, waya wa taa, magurudumu. Kila kimoja nikivute kwa mkono, si kutazama. Na nikikatizwa, mwanzo.

Sasa wewe zunguka gari kimya katika mji huu! Nimefika kwenye pini, "Salaam aleikum." Nikaitikia. Guyatu: mwanzo. Nimefika kwenye mnyororo, muuza miraa mwenzangu wa zamani akapiga kelele, "Muga, Baba Kendi!" Mwanzo. Mara tano nimeanza upya. Mara ya sita mwenyekiti alinisalimu nikamnyima salamu, akaondoka akinuna. Guyatu akatikisa kichwa akakubali.

Jioni laga ya Burat tena, tangi likiwa limejaa. Usukani mzito, mtamu. Sista alikuwa ndani ya gari. Alipanda bila kuuliza.

Ijumaa, 22 Machi

Isiolo hadi Garba Tulla. Vumbi jingi. Nimeshuka mara kumi na moja. Magoti yanauma. Trela haijagusa kioo hata mara moja. Guyatu hakuja, ana mageti ya watu. Nimemkumbuka kila nilipochomoa pini.

Jumamosi, 23 Machi

Sericho, saa tatu asubuhi. Mahali walipotutengea ni kati ya ua wa miiba na kisima, kona ya kuvunja shingo. Nikasimama. Nikafunga breki, nikachomoa pini, nikatelezesha, nikafunga. Nikaanza kuzunguka.

Mzee mmoja alikuwa akija na ngamia wake kunywa maji. Alinyoosha mkono kunisalimu, akaniona navuta mnyororo. Akaushusha mkono. Akasimama palepale na ngamia wake wote wenye kiu, kimya, mpaka nikamaliza gurudumu la mwisho. Ndipo akanisalimu, "Nagaa?"

Nikamwambia nagaa, ni amani. Nilitaka kumwambia mengi, Kiborana changu kikaishia hapo.

Tumeingia bila kukwaruza.

Wanawake walikaa mbali kwanza, wakiitazama trela. Kisha mmoja akainuka, na mtoto mchanga mgongoni. Sista alipomwona alifunika mdomo kwa mkono. Kumbe ndiye yule mama wa leso. Amejifungua msichana. Amepanda ngazi ile iliyoanikiwa shuka, na Sista akaingia nyuma yake. Nikasikia komeo likifungwa kwa ndani.

Nimekaa kwenye kivuli cha pikapu nikanywa chai. Upepo umevuma siku nzima.