Safari Hii Mchoro Unatoka Liège Kweli

Mpendwa Yaya,

Sina anwani yako. Ndiyo maana barua hii ya kwako, dada yangu mkubwa, ninaiandika wazi, aisome yeyote, na anayekufahamu akuonyeshe. Ulisema unakwenda Kitwe, ng'ambo ya mpaka, siku nne kununua transista. Mimi ninayehesabu kila kitu nimehesabu na hizo: leo ni siku elfu moja mia sita sabini na tatu. Transista zenyewe zilifika wiki ya tatu, arobaini kamili, kwa mkono wa dereva wa lori, zimefungwa ndani ya soksi ya sufu, bila hata kikaratasi. Ulimaliza kazi niliyokutuma, ukabaki huko.

Sikuandikii kukulaumu, au si kwa hilo tu. Nina jambo la kuamua kabla ya Ijumaa, na hakuna jambo kubwa la atelie hii, karakana yetu ya umeme, tulilowahi kuliamua bila wewe. Mgodi wa Kambove unataka kengele mpya ya maji. Ile yetu ya kwanza bado inalia vizuri, lakini wamechimba chini zaidi, na zile pampu mbili sasa ni sita. Wanataka chombo kinachosikia maji yakipanda, kinachowasha chenyewe pampu inayofuata, na kinachopiga king'ora pampu ikikataa. Mimi siwezi kukichora. Mezani nina fomu ya biro moja, yaani ofisi, ya Liège, kule Ubelgiji, ambayo kazi yake ni kuwachorea watu wengine mambo kama haya. Nikiijaza, meza yako ya kuchora nimeikabidhi kwa wageni. Nisipoijaza, ninamkatalia mtu wa Kambove.

Usidhani sikujaribu. Nimejenga vyombo vitatu. Cha kwanza kiliungua siku ile ile. Cha pili kilipiga kelele kila umeme ulipolegea. Cha tatu nilikiweka kwenye mapipa ya maji hapa uani, kikafanya kazi siku kumi na moja, nikaanza kujisifu kwa Mama. Siku ya kumi na mbili maji yalipanda, na chombo changu kikazima pampu zote sita kwa mpigo, kimya, bila king'ora. Nilisimama nikitazama pipa linavyomwagika. Yaya, kule chini wanashuka watu ishirini na sita kila zamu.

Ninajua kulehemu kuliko fundi yeyote wa mtaa wetu wa Kamalondo; hilo hata wewe ulikubali, tena siku uliyokuwa umenikasirikia. Nipe mchoro, nitakujengea chombo ambacho hakuna waya utakaochomoka. Lakini mchoro wenyewe hauji kichwani. Ile kengele ya kwanza, wewe ulivua viatu, ukachora sakafuni kwa chaki, halafu ukaanza kutembea juu ya mistari kana kwamba wewe ndiwe umeme.

— Miye njo courant. Natoka apa, nafika apa, mulango imefungwa. Sasa naenda wapi?

Mlango nilikuwa mimi. Nilisimama ndani ya duara la chaki, mkono juu, nikiwa transista.

— Fungua!

— Bado. Maji haijafika.

— Basi weye uko muzuri kupita transistor ya kweli. Ile inafungua hata hakuna muntu ameomba!

Baba akatoka chumbani mwake na lenzi yake ya fundi saa bado iko jichoni, mzee wa Maniema aliyeishi kati ya magurudumu madogo, akatutazama. "Bantu bakubwa," akasema, "na munacheza mu chaki." Kisha akauliza ule mstari mmoja unakwenda wapi. Ulikuwa hauendi popote. Uliufuta kwa unyayo.

Watu watatu wamekuja kuomba kazi ya kuchora tangu uondoke, wote wa shule kubwa. Niliwakataa. Mmoja alikuwa mzuri sana. Nilimwambia mikono yake inatoa jasho. Mama alinisikia, akaniuliza tangu lini penseli inaogopa jasho.

Sasa hii fomu. Ina maswali kumi na tisa. Swali la nne linauliza umeme wa huku ni volti ngapi, na limeacha nafasi ya namba moja tu. Namba moja! Niliandika: 220 kwenye karatasi, na 170 kwa sekunde nne, kila mashine kubwa ya kusaga mawe inapoanza. Hizo sekunde nne hakuna aliyeniambia. Tulikaa juu ya kreti kando ya pampu, siku mbili nzima, mimi na saa ya Baba, wewe na daftari. Mashine ilianza mara arobaini na moja. Ndefu kuliko zote ilikuwa nne na nusu. Ukasema kengele yetu ingoje saba kabla ya kulia.

— Juu ya nini saba? Tano inatosha.

— Tano ya mashine, mbili ya Mungu.

Nikabisha, kama kawaida yangu, kwa hesabu. Kengele ile haijawahi kulia uongo hata mara moja.

Swali la tisa linauliza chuma kinachogusa maji ni cha aina gani. Hapo nilicheka peke yangu. Maji ya mgodini yana shaba ndani yake. Tia msumari leo, wiki haijaisha umeliwa. Tulipoteza vyuma vya kila namna kabla wewe hujapita nyumba kwa nyumba katika avenyu yetu ukiomba betri za tochi zilizokufa. Ulizipasua kwa nyundo, ukatoa vile vijiti vyeusi vya katikati, ukasema hivyo ndivyo vitakavyoingia majini, kwa sababu kitu kilichokwisha kuliwa na betri miezi mitatu kikabaki kizima hakitaogopa mgodi. Mikono yako ilikuwa myeusi hata Mama akakukataza kugusa bukari, ugali wetu, siku tatu. Fomu haina nafasi ya kuandika hayo. Nimeyaandika pembeni, kwa herufi ndogo, nikageuza karatasi, nikaendelea nyuma.

Kufika swali la kumi na mbili nilisimama. Kila nilichokuwa nimeandika ni wewe. Kuagiza kazi kwa mtu mwingine kumbe ni kumwambia yote ambayo wewe hukuhitaji kuambiwa.

Na sasa lile lingine. Nilitaka kulipita, lakini barua hii haiwezi kwenda popote bila kupitia hapo.

Unamkumbuka mhandisi wa Kambove, yule mrefu wa suti ya abakosti ya kijivu. Alikuja mwenyewe kuchukua ile kengele ya kwanza. Akafungua sanduku, akatazama mchoro wako niliokuwa nimeubandika ndani ya kifuniko.

— Dessin hii ni ya nani, citoyen?

Wewe ulikuwa unaingia na sinia ya chai. Mimi niliiona kazi imesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Mtu niliyeanza kwa kuuza samaki wakavu wa Pweto ili ninunue kipima-umeme cha kwanza, sikutaka iondoke.

— Ya biro moja ya Liège, nikasema.

— Ah, inaonekana! Bazungu banajua kazi.

Nikacheka naye. Uliweka sinia mezani taratibu, ukamgeukia.

— Sukari ngapi, citoyen?

Wiki mbili zilizofuata kila nilichokuomba ulikuwa na jibu moja. Chumvi iko wapi? "Uliza Liège." Nani atakwenda salongo Jumamosi, kufagia njia na wenzake? "Liège itaenda." Hata Mama alicheka. Mimi nilidhani unatania. Halafu ukachukua begi, ukaenda Kitwe siku nne.

Nimekulaumu miaka hii yote, na bado ninakulaumu: uliondoka bila kunitukana hata kidogo, ukaninyima nafasi ya kujibu. Jibu langu lilikuwa tayari. Ningesema hesabu yangu ilikuwa sahihi, kwamba mchoro wa mwanamke wa Kamalondo, aliyejifunza redio akifagia duka la Mgiriki, wasingeupokea. Na ilikuwa sahihi. Nilichosahau kuhesabu ni mtu aliyeshika sinia.

Juzi nilipanda lori hadi Kambove. Mhandisi alinipokea vizuri, akanionyesha mahali pampu mpya zilipo, akasema:

— Ile biro yako ya Liège itachora na hii, non?

— Hakuna biro, patron.

— Namna gani hakuna?

— Ile ya kwanza ilichorwa ku Kamalondo. Yaya wangu njo alichora. Ule alikuletea chai.

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

— Juu ya nini hukusema?

— Mungekubali?

Alifikiri, Yaya. Sikudanganyi, alikaa akafikiri kweli.

— Hapana, akasema. Tungekatala.

Nilidhani nitafurahi kusikia hivyo. Kisha akavaa miwani yake:

— Basi umuite, achore na hii.

Nikamwambia sijui uliko. Maneno hayo sijawahi kumwambia mtu. Kwa wateja uko safarini. Kwa majirani uko kwa ndugu wa Baba. Pale, kelele za pampu zikiwa zimejaa ndani ya chumba, nikasema sijui uliko, na ikawa kweli.

Alinipa mpaka Ijumaa. "Umupate yeye ao upate Liège ya kweli," akasema. "Maji haingojee muntu."

Nimeiacha barua hii hapo tangu Jumanne. Leo ni Ijumaa, mchana.

Nilipiga hesabu kwa kila njia. Nikikungoja, ninangoja siku ambazo sina idadi yake. Nikijaribu cha nne, nitakuwa ninajifunza juu ya migongo ya watu ishirini na sita. Biro inasema wiki kumi na moja, na mchoro ukifika mimi ndiye nitakayejenga, na vijiti vya betri nitaviweka hata kama wataandika chuma cha bei. Mtu anayejua kuhesabu hahitaji usiku mzima kwa hilo. Mimi nilihitaji siku tatu.

Nilijaza maswali saba yaliyobaki asubuhi, nikaenda posta kwa miguu. Niliporudi Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni.

— Umetuma?

— Nimetuma.

— Kazi yote ya dada yako? Ku Bazungu?

— Kuchora tu, Mama. Kujenga ni mimi.

Aliendelea na majani yake. Halafu, bila kuinua kichwa:

— Sasa hautamungojea tena?

— Nitamungojea kwa kazi gani?

— Ehee! Miye niulize weye. Hii miaka yote ulikuwa unangojea dada yako, ao ulikuwa unangojea dessin zake?

Nilifungua mdomo nimpe hesabu: pampu sita, wiki kumi na moja. Hakuna iliyomjibu.

Yaya, miaka minne nimemwambia kila mtu, nikajiambia na mimi mwenyewe, kwamba ninakungoja kwa ajili ya kazi. Ilikuwa sababu nzuri, mwanaume anaweza kuitamka dukani bila aibu. Sasa kazi imepata mchoraji, na nilitembea kutoka posta nikidhani nitajisikia mwepesi. Nilifika kwenye kona ya avenyu yetu, nikatazama upande wa barabara inayotoka mpakani, kama ninavyotazama kila siku.

Usirudi kwa sababu ya pampu. Hakuna mstari utakaoombwa kuuchora. Ukikuta mtu amekaa mezani pako, ni kwa sababu nimemwita yule wa mikono yenye jasho, aanze Jumatatu. Chumba chako hakuna aliyekigusa. Njoo tu, hata kama ni kuja kunitukana. Nimejiandaa, na safari hii sitajibu kwa namba.

Uwe na afya huko uliko, na aliye karibu nawe akutendee vizuri kuliko nilivyokutendea.

Ni mimi, mdogo wako, hapa
Kamalondo